Mwili Uko Sori, Akili Iko Nairobi

Mdogo wangu wa Sori, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema unaanika omena tangu jua linapochomoza, mikono inatandaza na kugeuza, lakini wewe mwenyewe hupo pale. Uko kwenye karo ya mtoto, kwenye deni la chama, kwenye ujumbe ambao mume wako hajaujibu tangu arudi Nairobi. Jioni ukiulizwa siku ilikuwaje, huna la kusimulia. Kisha ukauliza, kama mtu anayeona haya, iwapo hiyo yoga uliyoiona kwenye simu inaweza kukufaa au ni mambo ya matajiri wa mjini.

Usione haya. Ukanda wa ziwa una jina la hali hiyo, paro mang'eny, mawazo mengi, na wanaoishi nayo kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay ni wengi kuliko unavyodhani. Na ndiyo, yoga inaweza kukufaa.

Anza na neno lenyewe. Limetoka kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi, na mzizi wake ni kuunganisha, kufunga nira. Wewe mtu wa Migori huna haja ya kuelezwa nira. Mvua zikikaribia, ng'ombe wawili hufungwa pamoja, kijana akawaongoza mbele, mkubwa akashika plau nyuma. Mmoja akivutwa na majani ya kando, mwenzake akabaki kwenye mstari, mtaro unapinda na shamba zima linaharibika. Mwili wako na akili yako ndio hao ng'ombe. Kinachowafunga pamoja ni pumzi.

Nimeichagua pumzi kwa sababu moja. Moyo huwezi kuuamuru, wala tumbo. Pumzi inajiendea yenyewe hata ukiwa usingizini, lakini ukitaka kuishika, inakutii. Na ukiishika, moyo nao unafuata: unapovuta hewa mapigo huongezeka kidogo, unapoitoa hupungua. Ndiyo maana mtu akinusurika ajali barabarani hushusha pumzi ndefu bila kufundishwa na yeyote.

Basi fanya hivi. Kabla hujateremka ufukweni, tandika leso, au ule mkeka wa mafunjo ulio nyuma ya mlango. Piga magoti, viganja chini, kama anayepiga deki. Vuta hewa huku tumbo likishuka na kifua kikifunguka. Toa hewa polepole huku mgongo ukipanda juu kama wa paka aliyeshtuka. Rudia mara kumi. Huu mgongo wako unainamia wavu asubuhi nzima, na hakuna anayeuuliza habari zake. Uulize wewe. Utasikia panapokaza, karibu na kiuno au katikati ya mabega. Usipalazimishe, pasikilize tu. Kisha kalia visigino, paji la uso likigusa mkeka, na uhesabu: nne ukivuta, sita ukitoa. Mwisho lala chali, mikono kando, dakika tano. Sikia jogoo, sikia injini za boti zinazorudi na omena wa usiku, sikia uzito wa visigino vyako sakafuni.

Akili itatoroka. Nakwambia mapema ili usijione umeshindwa. Utahesabu mpaka tatu, ghafla uko kwenye karo. Kijana anayeongoza ng'ombe hampigi kila akigeuza shingo. Anamrudisha kwenye mstari na kazi inaendelea. Huko kurudi ndiko yoga yenyewe. Na utakapozoea kurudi ukiwa kwenye mkeka, utaweza kurudi ukiwa ufukweni: utahisi ubaridi wa omena kiganjani, utamsikia jirani yako anapokusemesha.

Maana hili la jirani nalo limo. Mtu asiyekuwepo mwilini mwake hawezi kuwepo kwa mwenzake. Nawasihi wale wenye chama: siku ya kukutana, kabla ya kuhesabu pesa, kaeni chini ya mwembe mpumue pamoja dakika kumi. Huko Nairobi, tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project imefundisha vijana kuwa walimu, nao wakapeleka madarasa kwenye mitaa ya mabanda. Ilianzishwa na Mmarekani, Paige Elenson, baada ya kukutana na vijana wa sarakasi alipokuja Kenya kutalii. Hao vijana hawakuwa na pesa za klabu za mazoezi. Walikuwa na miili na pumzi, na wewe unavyo.

Wengine mtaniuliza kuhusu kanisa. Homa Bay ina Wasabato wengi, na misheni yao ya Gendia iko pale tangu 1906, kwa hiyo swali hili nalichukulia kwa uzito. Yoga ilizaliwa Uhindi, ndani ya imani za huko, na sitakuficha hilo. Lakini kunyoosha mgongo na kutulia na pumzi hakukudai umwombe mungu mwingine. Dhamiri yako ikikataa, iheshimu: tembea kimya kando ya ziwa ukihesabu pumzi zilezile.

Kuna mambo ambayo pumzi haiyawezi. Haimlipii mtoto karo. Haichukui nafasi ya ARV, wala ya dawa ya presha. Mwenye mimba au presha aulize kwanza kliniki, na mwenye goti bovu akae kwenye kiti. Na kama huzuni yako imefika mahali ambapo huli, hulali, au unatamani usiwepo kabisa, acha mkeka, nenda hospitali leo, umwambie daktari kwa maneno hayohayo. Usiende peke yako. Mshike mkono mtu unayemwamini.

Kwako wewe wa Sori: kesho asubuhi simu ibaki mezani. Mume akijibu, ujumbe utakungoja dakika kumi. Fanya wiki mbili, kisha niandikie, na safari hii nisimulie siku yako ilikuwaje.