Mwanangu hagusi mboga, chipsi na soda haachi

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka saba, yuko darasa la pili. Mboga za majani hataki hata kuziona. Akitoka shule anapitia kwenye banda la chipsi, na baba yake akirudi jioni humletea soda. Mwili umeongezeka mpaka wenzake wanamwita bonge. Nimejaribu kumkalisha mpaka amalize mchicha, analia. Nikimwahidi soda, anaumeza bila kutafuna. Bibi yake anasema nimwache, mtoto mnene ndiye mwenye afya. Je, nimnyime chakula cha usiku ili apungue?
Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Mama, nianze na swali lako la mwisho maana ndilo lenye haraka. Usimnyime chakula cha usiku. Mtoto wa miaka saba bado anajenga mifupa, misuli na ubongo. Akilala na njaa ataamka anawaza kula, na banda la chipsi litakuwa palepale. Kwa watoto wengi wa umri huu waliozidi uzito kiasi, hatutafuti kupunguza kilo. Tunataka zisiendelee kupanda kwa kasi huku kimo kikiongezeka, hadi uzito na urefu vilingane.

Hata hivyo, hatujui bado kama uzito wake umezidi. Utani wa wanafunzi si kipimo. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na kimo siku moja, kisha uombe vilinganishwe na jedwali la Shirika la Afya Duniani la watoto wa miaka 5 hadi 19, ambalo linaangalia umri na jinsia pia. Hapa kuna pengo ambalo linaniumiza. Mtoto akiwa mchanga tunampeleka kliniki kila mwezi na kadi yake, akifikisha miaka mitano kadi inawekwa kabatini, na wengi hawapandi tena kwenye mizani mpaka siku wanapougua.

Sasa tuje kwenye soda. Chupa moja ya mililita 350 huwa na sukari kati ya gramu 35 na 40, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku nzima, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wa mwanao, sehemu hiyo ya kumi ni kama gramu 40. Maana yake soda ya baba peke yake inakaribia kumaliza kiwango cha siku, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu, andazi, wala juisi ya pakiti. Juisi hizo zisikudanganye kwa picha ya embe. Nyingi zina sukari ya kukaribiana na soda. Tena sukari ya kunywa haishibishi. Mtoto atamaliza chupa na bado atakula ubwabwa wake wote.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza yawe na mumeo, tena mtoto akiwa hayupo. Baba anayerudi na soda anarudi na upendo, na upendo huo usikatishwe. Aje na chungwa, tikiti, kipande cha nanasi, au aje na mpira wacheze nusu saa kabla giza halijaingia. Soda ibaki ya sikukuu na harusi. Iliyomo ndani ya friji itaombwa kila siku, na wewe utakuwa askari wa friji mpaka uchoke. Isiponunuliwa, ugomvi wenyewe haupo.

Kuhusu chipsi, jiulize kwanza kwa nini mtoto anafika pale bandani akiwa na njaa kali. Watoto wengi wa Dar wanaondoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi na andazi, wanashinda hivyo hadi mchana, halafu mkononi kuna hela ya shule. Mtu mzima naye angesimama. Mpe asubuhi kitu kinachokaa tumboni: uji wa ulezi au wa dona, yai la kuchemsha, kiazi kitamu, maharage yaliyobaki jana na kipande cha chapati. Kwenye begi mwekee ndizi mbivu na karanga kidogo, na chupa ya maji. Hela ipungue taratibu kadiri begi linavyojaa, wala usiikate ghafla. Chipsi usizitangaze kuwa haramu, maana kinachokatazwa kabisa hutamaniwa zaidi. Kaanga mwenyewe nyumbani siku moja ya wiki, mle wote na kachumbari ya kutosha, kisha mambo yaishe.

Nafika kwenye mchicha, na hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa. Watoto wengi wadogo huogopa chakula wasichokizoea, na uchungu kidogo ulio kwenye majani wanausikia kuliko sisi. Ni jambo la kawaida la ukuaji, wala halimaanishi ameharibika tabia. Dawa yake ni kuzoea. Utafiti kuhusu ulaji wa watoto umeonyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa mara ya tatu.

Kumlazimisha kunarudisha nyuma kazi hiyo yote, kwa sababu anachojifunza ni kwamba mchicha na machozi vinakwenda pamoja. Ahadi ya soda ni mbaya vilevile. Inamfundisha kwamba mboga ni adhabu na soda ndiyo tuzo. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliligawa jukumu hili kwa namna ambayo mimi naikubali kabisa: mzazi anaamua chakula gani kiwepo, saa ngapi na mahali gani, na mtoto anaamua ale kiasi gani kati ya vilivyopo, au asile. Weka kijiko kimoja tu cha mboga pembeni ya ugali wake. Akikigusa, sawa. Akikiacha, sawa, usiseme neno na usimpikie kingine. Kesho kiwepo tena.

Na kiwe kitamu! Mboga iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa, bila kitunguu, hata wewe huitaki. Mchicha uungwe kwa tui la nazi au karanga za kusaga. Mafuta kidogo ndiyo yanayousaidia mwili kuchukua vitamini A iliyomo kwenye majani na karoti, kwa hiyo nazi hapo si anasa, mradi isizidi. Matembele, majani ya maboga, bamia, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kikaiva vizuri, vyote vijaribiwe kwa zamu. Huenda mwanao anachukia mchicha tu na hajawahi kuonja mlenda. Kamulia ndimu juu ya mboga, kwani vitamini C husaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai ya majani isogezwe mbali na mlo, yenyewe inayazuia. Kwa miaka 6 hadi 9, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku. Chungwa moja na ndizi moja zinakupitisha nusu ya safari, na upawa mdogo wa mboga mchana na mwingine usiku unamalizia.

Sharti ni hili: mle kile kile. Asipikiwe chakula cha peke yake wakati ndugu yake anakula kingine, na baba asitengewe nyama zote huku majani yakiachiwa watoto. Mtoto akiona wakubwa hawagusi mboga, hakuna hotuba itakayomshawishi. Kaeni pamoja, iwe ni mezani au kwenye mkeka, televisheni na simu zikiwa zimezimwa. Kwenye sinia moja anayekula haraka hujaza tumbo kabla halijamwambia limeshiba, hivyo kwa sasa kila mtoto awe na sahani yake, aanze na kidogo, na aruhusiwe kuongeza.

Bibi naye asidharauliwe. Kizazi chake kimezika watoto waliokonda, na hofu yake bado ina msingi: utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Lakini mtoto anaweza kuwa mnene na bado akapungukiwa damu, kwa sababu sukari na mafuta humnenepesha bila kumpa madini. Mwambie hivyo kwa heshima, kisha mwombe apike na mjukuu wake, achambue naye kisamvu, aponde naye karanga. Watoto hupenda kuonja walichokipika wenyewe.

Neno bonge lisitamkwe nyumbani, hata kwa mzaha, na shuleni zungumza na mwalimu. Acheze angalau saa moja kwa siku, alale usingizi wa muda wa saa tisa au zaidi.

Yapo mambo yasiyosubiri haya yote. Akikoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, ngozi ya shingoni ikiwa nyeusi na nene na haitakati hata ikisuguliwa, magoti au nyonga zikimuuma, au akipenda kula udongo, amwone daktari wiki hii. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara hata kitandani, na huku anakonda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uombe apimwe sukari ya damu.