Mdogo wangu, jasho lako lina bei

Njoo tukae kidogo, mdogo wangu. Wewe unayetoka Mukuru kungali giza ili saa kumi na mbili uwe tayari na ndoo yako katika ghorofa la afisi kule Upper Hill. Nawe pia unayepiga deki wodini, na yule anayesafisha vyoo vya jumba la maduka hadi usiku. Mwisho wa mwezi simu inalia, M-Pesa imeingia, elfu tisa. Hakuna karatasi wala maelezo. Mtu akikuuliza mbona kidogo hivyo, unainama: "Si hivyo tu, dada. Bora kazi."

Hilo "bora kazi" ndilo nataka tuliongelee. Sikulaumu hata kidogo. Kodi ya nyumba haingoji, mtoto amerudishwa kwa ajili ya karo, na pale langoni kila asubuhi wapo watu wanaotafuta nafasi kama yako. Hofu hiyo naijua na wala si aibu. Lakini ukiilea kimyakimya, mdogo wangu, itakuzoesha kuuona mshahara kama msaada, na mtu anayeamini anasaidiwa haulizi hesabu.

Basi leo tuulize. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 1, 2024 linamtaja msafishaji wazi kabisa, kundi moja na mtunza bustani, tarishi na bawabu wa mchana. Kwa Nairobi, Mombasa na Kisumu, kima cha chini kiliwekwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Miji midogo na mashambani viwango hushuka, kwa hivyo uliza cha kwenu. Juu yake, kama mwajiri hakupi makao, kuna marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, yaani kama Sh2,417. Jumla ni karibu Sh18,530 kabla ya makato. Sasa weka zile elfu tisa zako kando ya hesabu hiyo uziangalie vizuri.

Na hati ya mshahara ni haki yako kisheria, tena yenye maelezo ya kila kilichoongezwa na kila kilichokatwa. Ukiipata, isome polepole. Utaona NSSF, utaona SHA, utaona ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Hayo ni sawa. Ukiona kodi ya mapato kwenye mshahara wa elfu kumi na nane, simama hapo uulize, kwa sababu mapato yasiyozidi Sh24,000 kwa mwezi hayalipi kodi hiyo. Ukiona umekatwa glavu au gumbuti, uliza pia. Vifaa vya kukukinga na dawa kali ni jukumu la mwajiri, si mzigo wa mfuko wako. Halafu pitia Huduma Centre uone kama NSSF yako inaingia kweli. Kuna wanaokatwa miaka na miaka, na siku wakienda kuuliza akaunti ni tupu. Uchungu wa siku hiyo sikuombei.

Jambo la vibarua nalo linawachanganya wengi. Unalipwa kwa siku, basi unadhani huna haki yoyote, hata kama umekuwa hapo tangu mwaka juzi. Sivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja ahesabiwe kama mwajiriwa wa mwezi: anastahili notisi kabla ya kuachishwa. Akiendelea, anapata na mengine, ikiwemo likizo yenye malipo, ambayo ni siku 21 za kazi kwa mwaka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema. Nunua kijitabu kidogo. Andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani aliyekuambia uje Jumapili. Wiki ya kawaida ni saa 52. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na siku yako ya mapumziko au sikukuu ukiitwa, hulipwa mara mbili. Piga picha ya ratiba ukutani. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Na tafadhali, usitie sahihi mkataba wenye nafasi tupu, hata ukiambiwa wenzako wote wametia.

Najua pia kuna kinachouma kuliko pesa. Unakula chakula chako chini ya ngazi, katikati ya mandoo na harufu ya dawa. Watu wanakanyaga sakafu uliyoipangusa sasa hivi na hata salamu hawatoi. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini wao wanaona sakafu inang'aa na hawamwoni aliyeing'arisha. Mwishowe nawe unaanza kuwaficha watoto wako kazi unayofanya. Usifikie hapo. Dharau hiyo ndiyo inayorahisisha kukupunja, kwa maana anayejiona mdogo hupokea kidogo.

Ila nakuonya, usikurupuke. Usimfokee msimamizi koridoni. Mara nyingi naye amepunjwa na hana la kuamua. Na usiende peke yako, kidole kimoja hakivunji chawa. Keti na wenzako, linganisheni hati zenu, kisha mwende pamoja. Kama mko hospitalini, hotelini au shuleni, kuna chama cha KUDHEIHA. Afisi ya leba nayo ipo kwa ajili yenu. Sheria inasema kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kukufuta. Sitakudanganya kwamba hakuna atakayejaribu; wapo. Ndiyo maana nakusihi ushahidi utangulie mdomo. Tena usikae na dai lako mpaka lipoe, kwa kuwa muda wa kudai una kikomo. Kandarasi ikiisha na kampuni nyingine ikaja, dai kwanza pesa za likizo uliyobakisha na cheti chako cha kazi kabla wale wa zamani hawajafunga afisi.

Na wewe mwingine unayenisoma, mwenye kamati ya wapangaji au bodi ya shule, usidhani haya hayakuhusu. Ukiletewa zabuni ya kampuni inayotaka Sh15,000 kwa kila msafishaji, na sabuni ndani, na faida yake ndani, piga hesabu mwenyewe. Mshahara halali peke yake umeshapita elfu kumi na nane, na bado mwajiri ana NSSF na ushuru wa nyumba wa kulipa upande wake. Huyo aliyeandika bei hiyo ameshaamua atakayenyimwa. Mwambie akuonyeshe mstari wa mshahara, na kila mwezi kabla ya kumlipa, omba hati za mishahara za waliosafisha ngazi zako. Akikataa, chukua aliyeandika bei ya kweli, hata kama itabidi kila nyumba iongeze shilingi mia mbili.