Adabu za Baraza la Bao

Tumeulizwa na ndugu mmoja, naye ni mtu mzima mwenye baraza mbele ya nyumba yake ambapo baina ya Alasiri na Magharibi hukutana watu wakacheza bao, afanye nini na baraza lake hilo. Asema zamani lilikuwa pumziko lake na la jirani zake, na sasa limekuwa mahali pa matusi. Wazee wawili wameacha kuja. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza aliinuka siku moja na machozi yanamlenga, wala hajarejea. Je, auliza ndugu yetu, bao alitie ndani apumzike, au iko njia nyingine?

Wako watakaomjibu upesi kwamba alitie ndani, kwani bao ni upuuzi tangu asili yake. Hao twawajibu kwa ufupi. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi hawakuipa michezo yote hukumu moja. Walipambanua baina ya mchezo wa dadu, ambao mwendo wake ni bahati, na mchezo wa fikra na hesabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Minhaj ameuharimisha mchezo wa nardi, na sataranji akaitia katika makuruhu. Ikiingia kamari huwa haramu. Na waliokuja baada yake walitaja hata ubao wenye mashimo yanayotiwa vijiwe, ambao watu wa Misri huuita mankala, na huo ni jamaa wa bao letu. Basi mwenye kucheza ajichunge na mambo matatu: kamari, kupitwa na Swala, na uchafu wa ulimi. Kamari watu waijua, ingawa wengine huigeuza jina. Aliyeshindwa kuwalipia wote kahawa kwa sharti lililowekwa kabla ya mchezo hauitwi ukarimu. Hilo ni dau, hata likawa vikombe vitatu. Swala nayo ina adhana ya kuikumbusha. Ni hilo la tatu ambalo halina wa kulikumbusha, na ndilo lililomsibu ndugu yetu.

Kabla ya kuendelea twataka msomaji asiyecheza aelewe kwa nini jambo hili lina uzito. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwetu ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na kete 10 ubaoni, 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Zikisha kuingia zote, mchezo hugeuka ukawa wa mtaji. Kete moja ikila yaweza kuzunguka na kula tena na tena, na mchezaji hana budi aione safari yote hiyo kichwani mwake kabla hajatia mkono. Bwana Alexander de Voogt, Mholanzi, aliandika kitabu cha shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya ubingwa wa bao, na masomo yake aliyapata kwa mabingwa wa Unguja. Kwetu Lamu, katika Tamasha la Utamaduni, bao hushindaniwa pamoja na mbio za punda na za majahazi. Huu si mchezo wa wavivu wa akili.

Lakini ilimu hii haikai vitabuni. Huchukuliwa kwa kuketi. Kijana huanza kwa kusimama nyuma, kisha hukaa pembeni, kisha siku moja mzee humwambia, “Njoo mwanangu, keti,” akafungwa mara ishirini, na katika hizo ishirini akafunuliwa mambo mawili matatu. Kijana huyo akivunjwa moyo siku ya kwanza, hapana mlango mwingine wa kuingilia. Na yule mzee siku zake zikitimia huondoka na alichokijua. Kwa hivyo anayemcheka anayeanza hamkoseshi mtu mmoja tu. Awakosesha na wale ambao kijana huyo angaliwafundisha.

Sasa tutazame ugomvi watokea wapi. Ukichunguza utaona kwamba mara nyingi hauanzi kwa wale wawili waliokabiliana. Huanzia nyuma ya mabega yao. Mchezaji ameinama anahesabu: kete hii aitie shimo gani, iende kulia au kushoto, itakula wapi, itaishia wapi. Mara kidole chapita mbele ya uso wake. “Hapo! Hapo! Huoni?” Mwenye kidole hana hasara yoyote. Akipatia, sifa ni zake. Akikosea, aliyefungwa ni mwingine. Na yule wa upande wa pili naye huingiwa na ghadhabu, kwa sababu alikaa kucheza na mtu mmoja na sasa acheza na sita. Hapo neno moja hutosha.

Nasi twasema mtazamaji ana haki ya macho tu mpaka mchezo ukome. Ukisha, akiulizwa aseme; asipoulizwa anyamaze, hata kama ameliona kosa tangu mwanzo wake. Mwenye ujuzi wa kweli hana haraka ya kuonekana kuwa anao. Tumewaona wazee waliobobea wakingoja mpaka watu wametawanyika, kisha wakazirudisha kete mahali pake zilipokuwa kabla ya kosa na kumwambia kijana, “Tazama hapa, ungalitakata, nyumba yako ingalisalimika.” Hayo ni mafunzo. Kumpigia kelele mtu mbele ya watu kumi kwamba hajui kitu si mafunzo, ijapokuwa kweli hajui kitu.

Hatutaki watu wacheze kama walio matangani. Bao lina utani wake, na utani huo una fani. Mtu humwambia mwenziwe kwamba nyumba yake yavuja, au afunge mlango mwizi yuaja, na wote wakacheka, kwani nyumba inayotajwa ni shimo la bao. Hapo hapana aliyeumia. Lakini anapoitaja nyumba ambayo mwenziwe hulala, au deni lake la dukani, au mkewe, au babu yake alitoka wapi, utani umeuacha ubao na umemwingia mtu. Sura ya Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kuchukiza, wala haikumtoa aliye mchezoni. Na hata utani ulio safi hupimwa kwa anayetaniwa. Marafiki wa rika moja waweza kuambiana maneno ambayo kijana hawezi kumwambia ami yake, na mwenyeji aweza kustahamili ambayo mgeni, asiyejua kwamba hapo ni mzaha, atayalala nayo usiku kucha.

Kisha kuna tuhuma ya wizi wa kete. Mkono wa mchezaji hodari huenda mbio, na kete mbili huweza kudondoka shimo moja. Huenda ni hila, huenda ni kidole kilichoteleza. Twaujua mtaa ambao majirani wawili, waliokula sahani moja miaka mingi, walikaa tangu Rajabu mpaka baada ya Idi hawasalimiani, na chanzo chake ni kete moja. Na sote twajua kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Lau yule wa kwanza angalisema, “Tafadhali, irudie hiyo, sikuiona vizuri,” kete ingalirudi na urafiki ungalibaki. Yeye alisema, “Wewe mwizi.” Neno la kwanza lauliza habari ya mkono, na mkono waweza kusahihishwa. La pili lahukumu moyo, na moyo hajui mtu kilichomo ndani yake. Baada ya neno hilo, hata aliyekosa kwa bahati mbaya hawezi tena kukiri, kwa sababu kukiri kwake kumekuwa ni kukubali kwamba ni mwizi.

Jambo jipya ambalo wazee wetu hawakuwa nalo ni simu. Zamani aliyefungwa vibaya alichekwa, watu wakanywa kahawa, na maneno yakaisha pale pale barazani. Siku hizi mmoja hutoa simu akampiga picha aliyeshindwa anavyohamaki, na kabla ya Isha jamaa zake walioko Malindi na Jeddah wamekwisha kumwona. Mtu aliyekaa barazani kwako amekaa katika amana yako. Picha yake katika hali ya kushindwa haitolewi ila kwa ridhaa yake, na twaona ni bora isipigwe kabisa.

Yabaki mwenye baraza mwenyewe, maana mawe ni yake na jina ni lake. Wako wenye mabaraza ambao husema, “Mimi sina neno, hao ni watu wazima,” na huku wakicheka pamoja na wanaotukana. Wako wengine hukemea kila dakika mpaka watu wakaona heri wakacheze kwingine. Kazi yake ni ndogo kuliko anavyodhani huyu, na kubwa kuliko anavyodhani yule. Maneno yakianza kupanda, na aseme moja kwa upole: “Jamani, bao.” Mara nyingi hutosha, kama limesemwa mapema. Aliyezidi asikemewe mbele ya watu, kwani mtu aliyeaibishwa hutafuta kulipiza badala ya kujirekebisha. Amvute pembeni baada ya Magharibi amweleze. Na awe mwadilifu. Hapa ndipo wengi hukwama. Mpwa wake akitukana husema, “Ndivyo alivyo, mmezoea.” Mgeni akisema nusu ya hayo huambiwa hana adabu. Watu huyaona hayo, na sheria ya namna hiyo hapana atakayeifuata.

Na akumbuke pia kwamba baraza liko njiani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowaambia Masahaba waache kukaa njiani, wakasema hawana budi na vikao vyao, aliwapa haki za njia: kuinamisha macho, kuondoa udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hakuwavunjia kikao chao, bali alikiwekea haki zake. Binti wa mtu akipita na maji au vitabu vyake, asisikie kinywani mwa wachezaji lile ambalo wasingelisema mbele ya binti zao. Na anayetoa salamu ajibiwe, hata kama kete ziko mkononi. Tumeona watu wakiwa wamezama hata mzee amepita akasalimu mara mbili, asijibiwe ila na mtoto.

Kwa hivyo hatuoni sababu ya ndugu yetu kulitia bao lake ndani. Wale wazee wawili na awaendee nyumbani kwao, si kuwatumia mtu. Kijana yule na aitwe na yule yule aliyemcheka, akubali kukaa naye mbele ya watu wale wale, na siku hiyo watazamaji wazuiliwe vidole.

Ama yule ambaye ameonywa pembeni mara moja na mara ya pili, wala hakusikia, mwenye baraza aweza kumwambia asije kwa muda, wiki moja au mbili. Amwambie yeye mwenyewe kwa kinywa chake, amtajie siku ya kurudi, na sababu asiwatangazie watu. Siku hiyo ikifika akaja, asongewe apate pa kukaa, na atakayeanza kumsimulia yaliyopita ndiye anyamazishwe.