Kufundisha Historia kwa Kuchunguza Asili ya Kitu: Mfano wa Bastola za Maofisa wa Jeshi

Utangulizi

Walimu wengi wa Historia wamekwisha kuliona jambo hili. Mwanafunzi huleta darasani sarafu, sime au kifungo cha sare ya askari, akasema kwa uthabiti kwamba kilikuwa mali ya mtu fulani mashuhuri. Mwalimu hufurahi kupata zana ya kufundishia, darasa huchangamka, na yale yaliyosemwa juu ya kitu kile hupokelewa kuwa ni historia. Hakuna aulizaye swali lililo msingi wa somo letu: tumejuaje?

Makala hii inakusudia kumwonyesha mwalimu namna ya kulifanya swali hilo kuwa kazi ya darasa. Mfano tutakaoutumia ni bastola za maofisa wa jeshi za zamani. Twauchagua si kwa kuwa silaha ni jambo la kusifiwa, bali kwa kuwa watu wanaozikusanya wamelazimika kujifunza, mara nyingi kwa hasara, kutofautisha kitu na masimulizi yanayokiandama. Miongoni mwao kuna usia unaorudiwa mara kwa mara: nunua silaha, usinunue hadithi. Bastola ya kawaida ina bei ya kawaida. Ikithibitika kwamba ilivaliwa na jenerali aliyejulikana, bei yake hupanda maradufu na zaidi. Penye faida kubwa namna hiyo hapakosi watu wa kuchonga jina juu ya chuma kikongwe, au kuandika barua iliyochakazwa ili ionekane ya kale.

Aina tatu za ushahidi

Asili ya kitu ni mfululizo wa mikono iliyokipokea, tangu kwa fundi aliyekitengeneza hadi kwa anayekihifadhi leo. Ili mfululizo huo uaminike, mchunguzi hutazama ushahidi wa namna tatu.

Kwanza ni kitu chenyewe: namba iliyogongwa, alama ya kiwanda, mwaka, namna ya kuchakaa. Pili ni maandishi: daftari za kiwanda, stakabadhi, wasia, barua, orodha za mnada. Tatu ni masimulizi ya watu. Hakuna hata moja kati ya hizi litoshalo peke yake. Namba hueleza kitu kilitengenezwa lini na wapi, wala haisemi nani alikibeba. Karatasi huweza kuwa ya kweli, lakini ikawa inazungumzia kitu kingine kinachofanana nacho. Nayo masimulizi huhifadhi mambo ambayo hayakuandikwa, lakini husahau na huongeza.

Mfano wa kwanza: bastola mbili za Washington

Katika vita vya uhuru wa Marekani, kijana Mfaransa aitwaye Lafayette alipigana chini ya Jenerali George Washington, akampa zawadi ya bastola mbili za kutundikwa kwenye tandiko la farasi. Washington alifariki mwaka 1799, na bastola zikabaki kwa jamaa zake. Mwaka 1824 mtu aliyekuwa ameoa katika ukoo huo alimpa Andrew Jackson, jenerali ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani kuanzia mwaka 1829 hadi 1837.

Hapo ndipo ushahidi ulipopata nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1825 Lafayette, akiwa mzee, alikuwa akiizuru Marekani. Alifika nyumbani kwa Jackson huko Tennessee, akaonyeshwa bastola zile. Aliulizwa kama anazitambua, akajibu kwamba ndizo alizompa Washington mwaka 1778. Auguste Levasseur, katibu wake aliyefuatana naye safarini, aliandika tukio hilo, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1829. Hivyo mtoaji mwenyewe alikitambua kitu, mbele ya mtu mwingine aliyeandika, na maandishi yakachapishwa wahusika wangali hai na wakiweza kuyakanusha.

Kiungo kinachofuata ni wasia. Jackson aliandika wasia wake wa mwisho mwaka 1843, na katika wasia huo aliagiza bastola zirudishwe kwa mwana wa Lafayette, ambaye baba yake alimpa jina la George Washington. Jackson alifariki mwaka 1845. Mwaka 2002 bastola hizo ziliuzwa katika mnada mjini New York kwa karibu dola milioni 2, na leo zimo katika makumbusho ya ngome ya Fort Ligonier, Pennsylvania.

Mfano wa pili: bastola ya Patton

Mfano huu ni mfupi, na manufaa yake ni kuonyesha ushahidi unaopingana. Jenerali George Patton, aliyeongoza majeshi ya Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, alijulikana kwa bastola yake ya Colt yenye mpini mweupe. Magazeti yaliandika mara nyingi kwamba mpini ule ni wa gamba la lulu. Patton mwenyewe alikasirishwa na maneno hayo, kwani mpini ulikuwa wa pembe ya ndovu. Hapa watu wengi walioona kwa macho yao walikosea, na kitu chenyewe ndicho kilichosahihisha.

Daftari za kiwanda cha Colt zinaonyesha kwamba bastola hiyo ilipelekwa kwa mfanya biashara wa El Paso, Texas, mwezi Machi 1916. Mwezi Mei mwaka huo Patton alishiriki katika mapambano huko Mexico, ambamo watu watatu wa upande wa Pancho Villa waliuawa. Kwenye mpini kuna mikato miwili. Wanafunzi waulizwe: kwa nini mikato ni miwili, na waliouawa ni watatu? Tena, alama juu ya mpini yaweza kueleza nini, na haiwezi kueleza nini? Mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Aidha, asipite bila kuwakumbusha wanafunzi kwamba mikato hiyo ni hesabu ya watu waliokufa.

Andalio la somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40, na lafaa kwa kidato cha tatu na kuendelea.

Madhumuni: mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kutaja aina tatu za ushahidi; (b) kupanga mfululizo wa asili ya kitu na kuonyesha penye pengo; (c) kutamka hitimisho lisilozidi ushahidi alio nao.

Zana: vitu vya nyumbani visivyo na hatari, kama vile nishani, vyeti, picha, redio za zamani, sanduku za safari. Silaha ya moto isiletwe shuleni kwa sababu yoyote. Bastola za mifano yetu zitasomwa katika maelezo na michoro tu.

Hatua ya kwanza. Mwalimu asimulie habari za bastola za Washington, kisha wanafunzi wachore ubaoni safu tatu: mwaka, mkono uliopokea, ushahidi. Watagundua kwamba baadhi ya viungo vina maandishi na vingine vina maneno matupu.

Hatua ya pili. Waulizwe kuhusu miaka iliyo kati ya 1845 na 2002. Ni nyaraka zipi wangezidai wao kabla ya kutoa fedha zao katika mnada? Hapa wavivu wa kusema nao huamka, kwa kuwa kila mtu anajua uchungu wa kudanganywa sokoni.

Hatua ya tatu. Vikundi vya watu watano vichunguze vitu vilivyoletwa. Kila kikundi kiandike sentensi tatu: tunachokiona, tulichoambiwa, na tunachoweza kuthibitisha. Sentensi hizi zisichanganywe.

Hatua ya nne. Majadiliano ya darasa zima, na kazi ya nyumbani ya kumhoji mzee mmoja juu ya kitu kimoja.

Tahadhari kutokana na kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita mwanachuo wangu alileta mkoba wa bastola wa turubai nene. Alieleza kwamba babu yake aliupokea kwa ofisa wa Kijerumani wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Niliufurahia mno. Kwa mihula miwili niliuonyesha kila nilipofundisha vita vya Lettow-Vorbeck, na wanachuo waliunakili katika maandalio yao.

Siku moja msichana wa mwaka wa kwanza aliufunua mfuniko, akaniuliza maana ya alama iliyomo ndani. Ilikuwa ni ule mshale mfupi ambao serikali ya Uingereza iligonga juu ya mali yake ya kijeshi, na chini yake mwaka 1942. Nilikuwa nimeushika mkoba ule mara nyingi, wala sikuwahi kuufungua.

Niliwaambia wanachuo wote kwamba nimewafundisha uongo, nikawataka wayafute maandishi yao. Lililoniuma zaidi ni kijana mwenye mkoba, ambaye alidhani nimemwita babu yake mwongo. Nilimshauri arudi nyumbani na swali jipya: nani katika ukoo huu aliondoka baada ya mwaka 1942? Alirudi na habari ya mdogo wake babu, askari wa Keya aliyepelekwa Burma, ambaye jina lake halikuwa likitajwa tena kwa kuwa alifariki bila mtoto. Je, mkoba ulitoka kwake? Mwaka unakubaliana, lakini mwaka si ushahidi wa mkono. Kijana aliandika hivyo hivyo katika kazi yake, nikampa alama za juu kuliko wenzake wote.

Hitimisho

Mwalimu atakayelijaribu somo hili asiogope kwamba litawafanya vijana wawadharau wazee wao. Mzee anayeulizwa kwa adabu, na maneno yake yakaandikwa pamoja na tarehe na jina lake, ameheshimiwa kuliko yule anayesikilizwa kisha akasahauliwa. Wala asingoje kupata vitu vya watu mashuhuri. Cheti cha babu kilichokunjwa sandukuni kinatosha, mradi mwalimu awe wa kwanza kukikunjua na kukisoma mwenyewe kabla ya kukipeleka darasani.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Eleza kwa mfano jinsi kitu halisi kinavyoweza kuandamana na habari isiyo ya kweli.
2. Kwa nini maandishi ya Levasseur yana uzito zaidi ya barua iliyoandikwa miaka mia baadaye?
3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa kutumia kitu kimoja kutoka katika kijiji chako, ukionyesha waziwazi penye pengo katika asili yake.