Resori za nyuma: kuzikaza si kuongeza muzigo

Ndugu wanamemba, wakati wa mvua barabara zetu za Kivu zinaharibu sana pikapu. Wengi wanaomba fundi aongeze lame kwenye resori za nyuma. Ni kazi nzuri, ikifanywa vile inafaa.

1. Angalia kwanza. Lame iliyopasuka, buloni ya katikati iliyokatika, mipira iliyolika: badilisha hivyo mbele ya kuongeza kitu.

2. Ongeza lame kila upande, za unene mumoja. Ukiongeza upande mumoja tu, gari litainama.

3. Kaza buloni za U. Kisha kilometa 500 kaza tena, maana lame mupya zinajipanga na buloni zinalegea.

4. Angalia freni. Hilux nyingi ziko na valvu inayopima muzigo kwa namna gari linavyoshuka nyuma. Gari likiinuliwa, valvu inaona kama hakuna muzigo, na freni za nyuma zinapungua nguvu. Fundi airekebishe.

Lakini tusidanganyike: shasi, pine na freni ni zilezile. Mfano: uzito wote unaoruhusiwa kilo 2.800, gari tupu kilo 1.850, inabaki 950. Toa shofere na watu wawili, kilo 210, inabaki 740. Ni magunia 7 ya kilo 100, si 12. Na wamama wanaopanda juu ya magunia? Nao ni uzito, na gari likipinduka wao ndio wanaanguka.

Ulizo la kikundi: kwetu, nani ana ruhusa ya kusema «gari limejaa», na shofere amusikie?