Usimlaumu mbwa, goti la mtoto lina sababu yake

Mama mmoja wa Kisauni ameniandikia barua yenye swali ambalo sijawahi kuulizwa katika miaka yangu yote ya udaktari. Ana mbwa mdogo mweupe, wa manyoya mengi, anayekimbia uani vizuri kisha kwa ghafla anainua mguu mmoja wa nyuma, anarukaruka kwa mitatu hatua nne au tano, anaunyoosha ule mguu kwa nyuma kama anayepiga teke, halafu anaendelea na mbio zake kana kwamba hakuna lililotokea. Daktari wa mifugo alimwambia kuwa pia ya goti inahama. Miezi miwili baadaye, binti yake wa miaka 14 alianguka akicheza netiboli shuleni, na huko hospitalini akaambiwa maneno yale yale: pia ya goti imehama.

Majirani wamekwisha kata shauri kuwa mtoto ameambukizwa na mbwa. Baba anataka mbwa aondolewe nyumbani. Binti analia, kwa mguu na kwa mbwa wake. Mama anauliza: je, ni kweli maradhi haya yanatoka kwa mnyama?

Hapana, mama. Mbwa anaweza kukupa kichaa cha mbwa, na kwa hiyo hakikisha amechanjwa. Anaweza kukupa minyoo na viroboto. Lakini pia ya goti haihamishwi na kijidudu chochote. Inahama kwa sababu ya jinsi mifupa, kano na misuli ya mguu ilivyopangwa, na mpango huo kila kiumbe huupata kwa wazazi wake mwenyewe. Hata hivyo sikuitupa barua hii, kwani mbwa huyu anaweza kutusaidia kuelewa goti la binti.

Kapi la mguu

Shika goti lako. Ule mfupa wa mviringo ulio mbele ndio pia. Katika kamusi utaukuta vilevile kwa jina la kilegesambwa, neno ambalo kwa bahati lina mbwa mkiani. Mfupa huu haukuungana moja kwa moja na mfupa mwingine. Umo ndani ya kano nene ya misuli minne ya mbele ya paja, kano ambayo inateremka mpaka kwenye mfupa wa muundi. Kazi yake ni kama ya kapi juu ya mlingoti wa jahazi: kamba inapopita juu ya kapi, tanga zito hupanda kwa nguvu kidogo. Kamba ikiteleza nje ya kapi, mabaharia wavute watakavyo, tanga halipandi. Ndivyo anavyoanguka mchezaji ambaye pia yake imehama: si kwamba amevunjika, ila paja linavuta na mguu hautii.

Zamani wapo madaktari waliodhani mfupa huu hauna faida kubwa. Mwaka 1937 mpasuaji Mwingereza, Ralph Brooke, aliandika kuwa pia iliyovunjika ingefaa kuondolewa kabisa, na wengi wakamfuata. Baadaye ilipopimwa nguvu ya miguu hiyo ilionekana imepungua sana, na siku hizi mpasuaji hufanya kila awezalo kuihifadhi pia.

Fanya jaribio hili leo jioni. Keti sakafuni, nyoosha mguu na ulegeze paja. Sukuma pia kwa vidole, utaona inacheza huku na huku. Sasa kunja goti: haisukumiki tena. Sababu ni kwamba mwisho wa mfupa wa paja una mfuo, na pia huingia humo goti linapokunjwa kiasi cha digrii 20 au 30. Mguu ukinyooka, pia hukaa juu ya mfuo bila ya kuta za kuizuia. Ndiyo maana aghalabu huhama goti likiwa limekunjwa kidogo tu: mtu amekanyaga, mguu umeganda chini, na mwili unageuka kumpa mwenziwe mpira.

Sasa kuna watu ambao pia yao imekaa juu zaidi ya kawaida, kwa kuwa kano iliyo chini yake ni ndefu. Pia hiyo huchelewa kuingia katika mfuo, na muda wote huo wa kuchelewa ni muda wa hatari. Tangu mwaka 1971, madaktari wawili wa New York, Insall na Salvati, walipoandika njia yao, tunaipima hali hii kwa picha ya eksirei iliyopigwa kwa ubavu: urefu wa pia na urefu wa kano iliyo chini yake hukaribiana. Kano ikizidi urefu wa pia kwa zaidi ya moja kwa tano, tunasema pia iko juu. Hata bila ya eksirei unaweza kuhisi. Mkalishe mtoto juu ya meza, miguu ikining'inia. Pia za kawaida hutazama mbele, lakini zilizo juu hutazama dari, kama macho ya panzi.

Mbwa ndani, binadamu nje

Kabla ya kuendelea, niwakumbushe kuwa goti la mbwa si pale wengi wanapodhani. Kile kiungo cha mguu wa nyuma kinachopinda kwa nyuma ni kifundo. Goti liko juu, karibu na tumbo.

Mbwa wadogo wa aina za Pomeranian, Chihuahua, Poodle na Yorkshire Terrier wanajulikana kwa tatizo hili. Watu wamewazalisha kwa vizazi vingi wakitafuta udogo na uzuri. Pamoja na udogo huo ukaja mfuo usio na kina na mifupa ya mguu iliyopinda kidogo, hivyo kamba haipiti tena katikati ya kapi. Kwao pia huteleza aghalabu upande wa ndani. Madaktari wa mifugo huigawa hali hii katika daraja nne. Katika daraja ya kwanza pia hutoka ikisukumwa kwa mkono, kisha hurudi yenyewe. Katika ya pili hutoka yenyewe mara kwa mara, na mbwa huirudisha kwa kunyoosha mguu, na nadhani hapo ndipo alipo mbwa wa mama yetu. Katika ya tatu pia hukaa nje muda mwingi, na ukiirudisha hutoka tena. Katika ya nne hairudi hata ikisukumwa.

Kwa binadamu ni kinyume. Paja letu limeinama kuelekea ndani kutoka nyongani hadi gotini, kwa hivyo misuli inapokaza huivuta pia kuelekea nje, na huko ndiko inakokwenda karibu kila mara. Iko kano nyembamba upande wa ndani inayoishika kama hatamu. Pia ikihama kwa mara ya kwanza, hatamu hiyo huchanika. Wanaopatwa zaidi ni vijana wa umri wa miaka 10 hadi 20 hivi, wasichana kwa wavulana. Wengi wana viungo vilivyolegea: kidole gumba hulala juu ya mkono bila maumivu, viwiko hupinda kwa nyuma. Mara nyingi nikimwuliza mama au shangazi, naye huniambia kuwa alipokuwa msichana goti lake "lilikuwa linateguka".

Kosa langu mwenyewe

Jambo linalonitia wasiwasi si ule mshtuko wa uwanjani. Ni yanayofuata. Mara nyingi pia hurudi yenyewe mara tu mguu unaponyooshwa. Mtoto anapofika kwa mwalimu, goti limekaa sawa isipokuwa limevimba, naye huambiwa anajisingizia. Seuze kama ni msichana asiyependa michezo!

Nami sikusalimika. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu kijana wa Likoni, kipa. Alikuwa ameruka kudaka mpira, akatua mguu ukazama mchangani, na mwili ukageuka. Alipofika pia ilikuwa imerudi. Goti lilikuwa limejaa kama dafu, na lilijaa hivyo katika muda wa saa moja, jambo ambalo lingenizindua, kwani uvimbe wa haraka namna hiyo ni damu. Niliagiza picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu, nikaona mifupa imesalimika, nikamfunga bendeji na kumpa dawa ya maumivu. Baada ya wiki tatu alirudi akilalamika kuwa goti linakwama, mfano wa mlango uliotiwa kijiwe. Safari hii nilitaka picha ya tatu, goti likiwa limekunjwa na miali ikipita baina ya pia na mfuo. Kipande cha mfupa pamoja na gegedu yake kilionekana wazi. Pia ilipokuwa ikirudi mahali pake, ilikwangua ukingo wa mfuo. Ilibidi avuke feri kwenda kupasuliwa na kutolewa kipande hicho, na miezi mitatu ya mpira ikampita. Tangu siku hiyo simwachi mgonjwa wa namna hii aende bila ya picha ya tatu, na wewe mzazi una haki ya kuiulizia.

Sina ugomvi na wakandaji wetu. Sifa anayopewa mkandaji kwa kurudisha pia, na mara nyingine sifa anayopewa daktari, aghalabu ni ya kunyoosha mguu tu. Madhara huja baadaye, goti lililojaa damu linapochuliwa kwa nguvu kila jioni kwa wiki nzima, wakati ile hatamu iliyochanika inataka kutulizwa ishikane. Yako na maumivu ya goti yasiyofaa kukandwa kabisa: yanayomwamsha mtoto usiku, na uvimbe unaokua wiki hadi wiki bila ya yeye kuanguka. Huo huenda ukawa uvimbe wa mfupa na unahitaji eksirei upesi. Hali kadhalika mtoto anayechechemea na kulalamika goti, lakini goti lenyewe halina kasoro, apimwe nyonga, kwani maumivu ya nyonga hushuka yakasemea gotini.

Afanyeje aliyepatwa?

Kama pia bado iko nje, utaiona kwa macho: goti limekunjika na donge liko ubavuni. Mwache mtu aketi akiegemea, uegemeze mguu kwa mto au nguo, na usivute wala kusukuma kwa nguvu. Mara nyingi akitulia na kuunyoosha mguu taratibu mwenyewe, pia hurudi. Isiporudi, mpeleke hospitali mguu ukiwa vile ulivyo. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 kila mara, hupunguza uvimbe. Kwa maumivu mpe parasetamoli, si aspirini, ambayo huzidisha kuvuja damu.

Ila usichanganye kuhama kwa pia na kuhama kwa goti zima. Mtu aliyeanguka na bodaboda, goti lake likapinda vibaya, mguu chini ya goti ukawa baridi, wa kijivujivu au umekufa ganzi, huenda mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya goti umekatika. Huyo asingoje asubuhi wala mkandaji. Saa sita zikipita bila damu kufika, mguu wenyewe unaweza kupotea. Anayetoka Likoni ambaye bado ana kivuko mbele yake aanze safari mara moja.

Kwa aliyehama pia mara ya kwanza, bila kipande cha mfupa kilichovunjika, kwa kawaida hatupasui. Zamani tulimtia plasta kuanzia pajani hadi kifundoni kwa wiki sita, akatoka na paja jembamba kama mwiko. Sasa tunamtuliza kwa siku chache hadi wiki mbili tatu hivi, kwa kifunga goti na magongo (si Magongo ya Changamwe), kisha mazoezi yanaanza. Lala chali, kunja mguu mzima, nyoosha ule wenye goti bovu, kaza paja, uinue kiasi cha shubiri moja, hesabu hadi kumi, uteremshe. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitatu. Zoezi halina raha, na wengi huliacha maumivu yanapokwisha. Hapo ndipo paja linapokuwa dhaifu zaidi. Aongeze mazoezi ya misuli ya makalio, maana nyonga ikilegea goti huanguka ndani. Kurudi uwanjani ni pale anapoweza kuruka kwa mguu ule mmoja sawasawa na mwenzake.

Hata kwa haya yote, karibu mtu mmoja kati ya watatu pia yake itahama tena, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mwenye pia ya juu au mfuo usio na kina. Ikihama mara ya pili na ya tatu, aonane na mpasuaji wa mifupa. Ile hatamu ya ndani hutengenezwa upya kwa kano iliyotolewa pajani, na kwa aliyekwisha kukua huenda mahali kano inaposhikia muundi pakasogezwa. Mtoto anayekua bado hasogezwi mfupa, kwa kuwa sehemu za ukuaji zitaharibika. Mbwa wako, mama, naye anaweza kuchimbiwa mfuo na kusogezewa kano kwa njia inayofanana sana na hiyo. Akiwa wa daraja ya pili asiyeumia, mara nyingi inatosha asinenepe, asirukishwe kutoka juu ya viti, na asizalishwe.

Mbwa abaki nyumbani. Binti naye mlete akiwa na picha zake zote za eksirei, na avae kaptura ili nione magoti yote mawili kwa pamoja. Na utakapofika, mama, usishangae nikikuomba wewe mwenyewe unyooshe viwiko na unionyeshe kidole gumba chako kinafika wapi.