Breki za Gari Zito: Kazi ya Uani na Mpaka Wake

Katika maswali tuletewayo na wenye magari mazito, hapana lililorudiwa zaidi ya hili la kubadili breki nyumbani, hususan kwa wakaao mbali na gereji. Majibu haya yamefuata gari la namna ya Toyota Hilux, lenye diski mbele na dramu nyuma, ambalo limeenea mno katika njia zetu.

Swali: Mimi si fundi wa kazi. Je, yafaa nibadili breki mwenyewe, ama ni kujitia hatarini?

Yafaa, illa kwa sharti la kuujua mpaka. Breki zina sehemu mbili: ya msuguano, yaani pedi ziibanazo diski na breki shuu zitanukazo ndani ya dramu, ambazo zimefanywa ziliwe kidogo kidogo; na ya mafuta, yaani pampu kuu, mabomba, mipira na silinda, ambayo huichukua nguvu ya mguu wako na kuifikisha magurudumuni. Mwenye vifaa na subira aweza kubadili vitu vya sehemu ya kwanza pasipo kulegeza nati hata moja ya sehemu ya pili, na maadamu bomba halikufunguliwa, hewa haipati pa kupenya. Kwani mafuta yakisukumwa hayakubali kusinyaa, lakini hewa husinyaa, ndipo pedali ikazama hadi sakafuni na gari lisisimame.

Swali: Nitajuaje kwamba pedi zimekwisha?

Zipime, usingoje kelele. Pedi nyingi hutiwa kibati kidogo ambacho hulia kikiigusa diski, lakini huenda pedi moja ikaliwa kuliko mwenziwe, hasa pwani, ambako hewa ya chumvi huzigandisha kwa kutu pini na pistoni za kalipa, yaani kifaa kizishikacho pedi. Toa gurudumu, uitazame pedi ya ndani na ya nje, na ukiona kwamba unene wake, pasipo kuhesabu bamba la chuma, umefikia milimita 3, badili za magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, ili gari lisivute upande ukikanyaga ghafula. Diski nayo imechongwa kipimo cha mwisho cha unene wake. Ikishuka chini ya hapo, haina dawa ila kubadiliwa.

Swali: Mbona gari langu hula pedi upesi kuliko teksi ya ndugu yangu?

Kwa sababu ya uzito. Breki huugeuza mwendo kuwa joto, na gari la tani 2 likisimamishwa kutoka kilomita 80 kwa saa, joto lizaliwalo latosha kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji. Tena mwendo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa hiyo ateremkaye kutoka Lushoto kwenda Mombo, ama mlima Kitonga, akaikalia pedali njia nzima badala ya kuiachia injini ilizuie gari kwa gia ndogo, huziunguza pedi, na yamkini akayachemsha mafuta ya breki hata yakatoa mvuke, nao mvuke husinyaa kama hewa.

Swali: Tafadhali nieleze utaratibu wa magurudumu ya mbele.

Liweke gari mahali sawa na pagumu, uyatie kabari magurudumu ya nyuma, ulegeze nati gurudumu lingali chini, ndipo ulipandishe kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi za chuma. Kwani jeki ni ya kupandishia tu, wala si dhamana ya roho ya mtu. Katika Hilux nyingi zivutazo kwa magurudumu manne, kalipa haiondolewi: wachomoa pini na pedi zatoka zenyewe. Katika magari ambayo kalipa hufunguliwa, itundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake. Badili pedi moja baada ya nyingine, kwa sababu ukizirudisha pistoni za upande mmoja hali upande wa pili u wazi, za pili hutoka nje. Zisukume taratibu, ukikitazama kikopo cha mafuta kisifurike, kwani mafuta hayo huivua rangi ya gari. Grisi ya breki hupakwa nyuma ya bamba. Uso wa pedi usiguswe nayo abadan.

Swali: Na dramu za nyuma?

Tia kabari mbele, uachie breki ya mkono, na dramu ikikataa kutoka, tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake, utie bolti za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu mpaka iachane na kutu. Fungua upande mmoja tu kwanza, ili wa pili ubaki kielelezo cha mpangilio wa springi. Vumbi lake usilipulize wala kulifagia likiwa kavu, kwani breki shuu za zamani, na baadhi ya spea za leo, zina asbestosi, iletayo saratani ya mapafu. Lirowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa cha kutupwa.

Swali: Ni lini nimwite fundi?

Ukiona mafuta yanavuja, mpira umepasuka, pistoni imekataa kurudi, ama breki ya mkono ni ya umeme. Kadhalika mwite ayabadili mafuta yaliyokaa zaidi ya miaka 2, kwa kuwa hunywa unyevu: ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140.

Swali: Kazi ikiisha, niingie barabarani mara moja?

La. Kabla gari halijasogea, kanyaga pedali mara kadhaa hata iwe ngumu, kwani pistoni zilizorudishwa nyuma zingali mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza hauzuii kitu. Kisha tafuta njia tupu, uende kilomita 50 kwa saa na kupunguza hadi 10 pasipo kusimama, mara kumi hivi, ukiacha nafasi za kupoa, ili pedi na diski zizoeane. Siku hiyo usipakie shehena, na baada ya safari ya kwanza zikaze nati tena. Pedali ikiwa laini, ama gari likivuta upande, lirudishe uani, wala usilitoe tena mpaka sababu ijulikane.